Breki Alizozinyamazia

Kasereka alikanyaga breki, mguu ukazama hadi chini bila kukutana na kitu. Gari likaendelea kuteremka taratibu kuelekea uzio wa jirani, likasimama tu pale lilipojigonga kwenye rundo la mawe ya volkano.

Gentil, fundi wake, hakushtuka. Alijifuta mikono kwa kitambaa, akainama, akachungulia pampu ya breki uvunguni.

"Pompe ya freni imekufa, grand," alisema. "Hii si ya kutengeneza tena. Ni ya kuuza."

"Kuuza namna gani? Nani atanunua gari yenye haisimame?"

"Kuko njia mbili. Tuibomoe, tuuzishe vipande kule sokoni Birere, upate ya mboga. Ao nizibe pale panavuja, niongeze mafuta ya freni, itakamata siku chache. Mutu ataijaribu, atafurahi, ataenda nayo. Wewe unyamaze tu."

Kasereka alilitazama gari. Gari hilo refu, lenye mlango wa nyuma unaoinuka juu, ndilo lililomlisha tangu alipohamia Goma kutoka Butembo na mke wake Kahambu. Sasa alitaka kuliacha, anunue pikipiki, aanze upya. Vipande visingemfikisha huko. Lakini juzi tu, gari hilohilo lilikuwa nusura limkanyage mtu aliyesukuma chukudu, kigari cha mbao, chenye viazi, na macho ya yule mtu yalikuwa hayajamtoka kichwani.

"Ziba," alisema mwishowe, akitazama pembeni.

Mnunuzi alikuja Jumamosi: mama mwembamba wa Masisi, aliyesema anaitwa Mama Janvier. Alifuatana na shemeji yake, Baharanyi, ambaye ndiye angeendesha. Kasereka alikuwa amejiandaa. Alishapanga la kujibu kuhusu injini, kuhusu kelele za gia, kuhusu breki hasa.

Mama Janvier hakuuliza hata moja. Alilizunguka gari akigonga bati kwa vidole. Alishusha vioo, akavipandisha, akapitisha kiganja ukingoni. Alifunga milango kwa ufunguo, kisha akaivuta kwa nguvu zake zote.

"Papa, hivi viti vya nyuma vinalala?"

"Vinalala, mama. Utapakia mizigo mingi."

"Batoto banne batatosha?"

Kasereka alitazama matairi. "Batatosha," alisema.

"Basi ninaichukua. Tumechoka kubeba vitu kichwani, papa. Leo kubeba, kesho kubeba."

Hapo, bila kujua kwa nini, Kasereka alijikuta anamsihi. "Tuijaribu kwanza barabarani, mama. Tufike hata rond-point, pale kwenye mzunguko, uione."

"Hapana. Kama itafika Lac Vert, inatosha."

Baharanyi akawasha. Gari likatoka langoni polepole, likakata kona, likapotea.

Jioni hiyo Kahambu alimpakulia fufu na samaki wadogo wa sambaza. Kasereka alimega tonge, akalirudisha kwenye sahani.

"Umemuambia yule mama?" Kahambu aliuliza.

"Nini?"

"Kasereka. Usiniulize nini."

Tangu hapo hakutulia. Honi ikilia barabarani, alisimama. Jumapili alitoka kanisani kabla ya komunyo, akasimama nje akihesabu pumzi zake kama mgonjwa. Barabara ya Sake, ipitayo Lac Vert, aliijua vizuri, pale inapoteremka na malori yanapobanana. Akilini aliwaona watoto wanne kiti cha nyuma, na Baharanyi akikanyaga, akikanyaga. Gentil alikuja kumwambia kuna pikipiki nzuri inauzwa. Kasereka alimfukuza.

Jumatatu asubuhi alitia pesa zote za Mama Janvier mfukoni, akapanda pikipiki ya abiria.

"Wapi, muzee?"

"Lac Vert. Na ukimbie."

Njia nzima alichungulia mitaroni. Kila bati lililokunjamana kando ya barabara alilidhania gari lake. Walipofika kwenye mahema ya wakimbizi wa vita, aliwauliza watu: mama wa Masisi, gari refu la zamani, wamemwona? Muuza makaa mmoja alimnyooshea mkono. Huko nyuma ya ukuta wa mawe, alisema, hakosekani.

Kasereka aliuzunguka ukuta, akaliona gari lake. Boneti ilikuwa wazi, na moshi mzito ulikuwa unapanda kutoka mbele. Kwenye kioo cha nyuma palionekana vichwa viwili vidogo.

Hakukumbuka kumlipa mtu wa pikipiki. Alikimbia juu ya mawe, akateleza, akachubuka goti, akainuka.

"Mama Janvier! Toa batoto! Toa batoto ndani, gari inawaka!"

Mama Janvier akachomoza kichwa kando ya boneti, mwiko mkononi, akimtazama kwa mshangao. Pale palipokuwa na injini palikuwa na mbabula, jiko la makaa, ikifuka, na juu yake sufuria ya maharage. Magurudumu hayakuwepo. Gari lilikuwa limekalishwa juu ya mawe, na kwenye kila dirisha la ubavuni palining'inia pazia la kitenge.

"Karibu kwetu, Papa Kasereka," alisema. "Ingia tu. Lakini uvue viatu kwanza, nimetoka sasa hivi kupangusa."