Mieleka ya Babu Nguchiro

Zamani, nguchiro walipohamia kichuguuni, Mama Nguchiro hakumwamini baba mkwe wake hata kidogo. Kila asubuhi mzee alimbwaga mjukuu wake wa kwanza, akamviringisha, akamng'ata sikio. Mtoto akilia, humwachia. Mama alichungulia pembeni, akihesabu michubuko.

“Ana lake jambo huyu,” alinong'ona. Mwishowe uvumilivu ukamshinda. “Baba, mtoto ataumia.”

“Mkwe wangu, huyu ni mtani wangu. Tuachie utani wetu.”

Siku hiyohiyo mwewe alimkwapua mtoto. Kabla hajapaa naye, mtoto alijipinda, akamng'ata kidole, akachomoka, akabingirika hadi shimoni huku akicheka.

“Mama, leo babu kaja na mabawa!”

Mama alimkazia mzee jicho, akamsukumia mtoto wa pili.

“Na huyu, Baba, mbona humbwagi? Kakukosea nini?”