Njugu Zilizolowa

Kulikuwa bado giza, na sauti pekee nyumbani ilikuwa ya maganda ya njugu yakifunguka vidoleni mwangu. Jumamosi nilizinyunyizia maji nikazifunika kwa gunia, kama mama alivyonifundisha, ili zisiniumize kucha.

Kulipokucha alifika Mellen, afisa wa kilimo anayezunguka huku kwetu Uriri. Mjukuu wangu wa miezi minane nilikuwa nimembeba mgongoni, na uji wake wa njugu ulikuwa unapoa kikombeni.

Mellen alichukua njugu moja akaipasua. Ndani kulikuwa na unyoya wa kijani, mwembamba kama vumbi.

"Dani," akaniita, kama wajukuu wangu wanavyoniita, "umezilowesha?"

Ningeweza kusema ni mvua. Mvua ilikuwa imenyesha kweli. Nilitazama kikombe.

"Nimezilowesha. Na huo uji ni wa hizo hizo."

Hakupaza sauti. "Ukungu huu una sumu, na moto hauiondoi. Mtoto amekunywa siku ngapi?"

"Nne."

Nilimwaga uji shimoni, mbali na kuku. Niliporudi, Mellen alikuwa amevua saa, ameketi mkekani, anamenya njugu kavu za gunia lingine. Gumba lake lilishachubuka.

"Mikono ya ofisi hiyo," nikamwambia.

"Wacha, dani. Itazoea."

Alimenya hadi karai likajaa. Aliposimama kuondoka nilimshika mkono.

"Urudi Ijumaa," nikasema. "Njugu ziache. Uje unitazamie mtoto, kama sumu hiyo haijamdhuru."