Jina la Ye

Yueqin alitoka Taiwan amepakata majivu ya baba yake kama mtoto mchanga, lakini alipoliona jiwe la kaburi, akasimama.

"Kaka, hilo si jina la baba."

Kaka yake wa mama mwingine alizaliwa kijijini hapo, Fujian, upande wa bara, miezi mitatu baada ya wanajeshi kumchukua baba yao na kumvusha bahari hadi Taiwan. Jiwe alikuwa amelichonga mwenyewe.

"Ni Ye, dada. Huku serikali ilifupisha herufi, siku hizi tunaandika hivyo. Mistari mitano ya kalamu inatosha."

"Kwetu bado tunaiandika yote. Baba aliandika hivyo mpaka anakufa."

"Wewe ulikuwa naye miaka arobaini. Mimi nina jiwe hili tu."

Lugha yao ilikuwa moja, hata lafudhi, na hilo ndilo lililomuuma Yueqin zaidi.

Mama Mkubwa, mke wa kwanza wa marehemu, akajikongoja hadi kaburini. Shule hakuijua. Alipitisha kidole katika kila mchongo, polepole, mara mbili.

"Alinifundisha neno moja tu, jina lake, kabla hawajamchukua," alisema. "Kila asubuhi naliandika kwenye majivu ya jiko, nisije nikalisahau. Lina mistari mingi kuliko hili."

Mwanawe akatoa chaki mfukoni, akamnyooshea Yueqin.

"Basi nichoree, nami nitachonga."

Yueqin akaipokea, akapiga magoti, akaiweka mkononi mwa Mama Mkubwa.