Mlenda Kwenye Kioo

Salvatory alisimamisha lori katikati ya korongo kwa sababu kioo cha mbele kilijaa ukungu, na zege la kuvukia halikuwa na kingo. Injini, kama kawaida yake, ikazima. Lori lilikuwa la mmoja wa wale wanunuzi binafsi waliojaa Bariadi tangu biashara ya pamba ifunguliwe, na vioo vya milango vilikuwa havishuki.

Alifuta kwa kiganja, ukungu ukarudi. Akafuta kwa shati, ukarudi.

"Ngoja," alisema bibi aliyepewa lifti Nkololo. Alichomoa majani ya mlenda kikapuni, akayafikicha mpaka yakatoa utelezi, akaanza kupaka kioo taratibu kama anayempaka mtoto mafuta. "Marehemu mume wangu alipaka miwani yake hivi, anywe uji wa moto bila kuivua."

"Fanya haraka, mayu. Huko juu mvua imenyesha sana. Hapa si pa kusimama."

"Ukiharakisha haushiki."

Vidole vyake vilizunguka, vikiacha utando wa kijani. Alipoufuta kwa pindo la khanga, kioo kilitakata.

"Unaona sasa?"

Salvatory aliona. Ng'ambo kulikuwa na mtu anapunga shati kwa mikono miwili. Kwenye kona ya korongo maji mekundu yalikuwa yanakuja, yamesimama kama ukuta, yamebeba mti mzima.

Aligeuza ufunguo. Lori likakohoa, likanyamaza.

Bibi alikuwa ameinamia kioo, anatafuta palipobaki.

"Na hapa pembeni," alisema, "niongeze kidogo."