Jicho la Tembo

Kitambaa kimemziba macho, chaki iko mkononi, Kusumawathi alisimama mbele ya tembo aliyechorwa ubaoni. Kila Aprili, Mwaka Mpya wa Kisinhala huko Sri Lanka, mchezo ulikuwa huo: umtie tembo jicho bila kuona.

Marehemu mumewe hakuwahi kupatia. Jicho aliliweka makalioni, watu wakavunjika mbavu, naye akajitetea, "Mwacheni naye aone anakotoka!" Mwaka jana alipofariki, madaktari walichukua konea, utando angavu wa mbele wa macho yake, kama alivyousia, na vipofu wawili wakaona.

"Mbele, shemeji, mbele!" mdogo wa marehemu alipiga kelele. "Hapo ni mkiani!"

"Nyamaza wewe! Najua ninakokwenda."

Akalichora palepale makalioni, jicho nene lenye kope ndefu. Kiwanja kizima kikaangua kicheko. Shemeji yake, machozi ya kucheka yakimtoka, akaja kumfungua kitambaa.

Kusumawathi akamshika mkono.

"Ngoja kwanza, bado lingine," akasema, huku vidole vyake vikipapasa ubao. "Kaka yako alitoa yote mawili."