Mama wa Mapacha Wanne

Mwanamke aliyejifungua mapacha wanne hakuwepo duniani. Msimamizi wa ghala la data la hospitali alimtunga mwenyewe juzi, akamwingiza katikati ya wagonjwa wa kweli, kisha akafunga mdomo wake.

Ulikuwa mtego. Tangu programu mpya ya ghala isimikwe, siri za wagonjwa zilikuwa zinazagaa mitaani, na nywila kuu walikuwa nayo watu wawili tu: yeye na fundi aliyeisimika. Mapacha hao wakianza kutajwa huko nje, basi ni fundi, hakuna mwingine. Tena alikuwa mtu wa kuchekacheka ovyo, na watu wa aina hiyo yeye hakuwaamini hata kidogo. Alikwisha kumchongea kwa mkurugenzi. Ulibaki ushahidi tu, afungashiwe virago.

Jioni msimamizi alirudi nyumbani. Mumewe alimpokea mkoba, akamwekea chai mezani, kando ya kompyuta ya kazi ambayo mkewe aliiacha imezimwa tangu asubuhi.

"Pole na kazi, mama watoto," alisema, akimkorogea sukari. "Hivi yule mama wa mapacha wanne, watoto wote wazima?"

Kijiko kiliendelea kugonga kikombe.

"Nani kakwambia?"

"Si wewe mwenyewe! Juzi, hapa hapa. Umeshaanza kusahau?"

Alinyoosha mkono taratibu, kana kwamba anafuata kikombe, akaweka kiganja juu ya kompyuta.

Ilikuwa ya moto.