Fungu la Mjomba

Kompyuta ilikataa kuwaka. Vitalis alibonyeza tena, feni ikazunguka kidogo ikazima, naye akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia la mahindi. Halafu akaona aibu. Mwanamume mzima unafurahije kushindwa, na kitu chenyewe ndicho kinachobeba ndoa?

Maana hapo ndipo mambo yalipokuwa. Posa ya Aneth ilikwama kwenye kompyuta, na aliyeikwamisha ni mjomba wake, Zabron. Kwa watu wa milima ya Kilosa mjomba si mtu wa kupita pembeni. Baba akubali, mama afurahi, mjomba asipopokea fungu lake binti haondoki. Wajomba wa watu huomba mbuzi na blanketi, wakijidai sana huongeza koti. Zabron yeye alikuwa na kibanda cha gemu karibu na stesheni, na mashine yake ya zamani ilikuwa imekufa. Siku barua ya posa ilipofika, alimtazama Vitalis kuanzia viatu hadi kichwani, akamwuliza kama si yeye fundi wa kompyuta pale sokoni. Vitalis akasema ndiye.

"Basi mbuzi kaeni naye," Zabron akasema. "Mimi mniletee kompyuta ya kuchezea mpira, isiyokwamakwama. Jumamosi isipowaka hapa mezani, barua yenu mje muichukue."

Kununua nzima dukani ilikuwa ndoto. Pesa zilitoka kwa Samwel, rafiki yake wa tangu shule ya msingi, anayeendesha watalii kule Mikumi, na masika watalii ni wa kutafuta kwa tochi. Ikabidi Vitalis aiunge mwenyewe, kipande kwa kipande. Alianza na kompyuta ya mtumba iliyotolewa kwenye ofisi moja Morogoro, kasha limebonyea lakini prosesa bado ina nguvu. Akaongeza memori. Balaa likawa kadi ya picha, ile inayofanya wachezaji wakimbie kama watu badala ya kurukaruka kama vyura. Kadi kubwa zilikula umeme ambao pawa saplai ya ofisini haina. Akaagiza ya bei poa Kariakoo, ikaletwa na basi, na ndiyo hiyo iliyokuwa ikizima sasa. Rahisi ghali, wahenga hawakukosea.

Angeweza kusema imeshindikana, yakaisha. Nani angembishia? Mjini pale hapakuwa na mwingine wa kuifungua na kuangalia.

Mchana huo Aneth alipita dukani akitoka kibaruani Kilangali, miguu ina udongo wa shamba la mbegu. Alikaa kwenye kiti kile kile alichokalia mwaka ule alipoleta simu iliyoingia maji. Siku hiyo ndiyo Vitalis alimpenda, na tangu hapo hakupona. Mteja akija na kompyuta atamweleza mpaka achoke, lakini mbele ya binti huyu ulimi ulikuwa ukimfia mdomoni. Aneth aliuliza kama itawaka kabla ya Jumamosi. Akajibiwa haijulikani.

"Wewe unataka iwake?" Vitalis akamwuliza.

Aneth alitazama nyaya zilizotapakaa mezani. "Nimesubiri mno," akasema. "Kuna wakati nilidhani nitazeeka nasubiri. Nataka iwake, Vitalis."

Akaaga, akaondoka. Vitalis alibaki ameshika bisibisi, moyo mzito, hana pa kuupeleka. Lisilobudi hutendwa.

Kesho yake alikwenda Mikumi, kwa bwana mmoja aliyefunga kibanda chake cha intaneti na alikuwa akiuza vilivyobaki. Hakuonana na Samwel, aliyekuwa porini na wageni. Bwana yule alimtolea kadi mbili ndogo, za aina isiyodai waya wake wa umeme. Moja feni yake ilikuwa imekwisha. Hata ingewaka, mechi isingefika mapumziko. Pesa zilizobaki zilitosha hiyo tu. Nyingine ilikuwa nzima. Vitalis aliishika ile mbovu mpaka mwenye mali akamwuliza kama amelala. Akairudisha, akachukua nzima, akajazia kutoka mfukoni mwake.

Jumamosi alifika kwa Zabron na kasha begani. Shikamoo, marahaba, karibu kiti. Wazee walikuwa wameshakaa, na akina mama walikuwa uani wanapepeta mchele huku masikio yote yako ndani. Vitalis akaunganisha skrini, akajitenga. Zabron akabonyeza mwenyewe.

Ikawaka.

Wachezaji wakaingia uwanjani, wakakimbia vizuri, nyasi zinaonekana moja moja. Mzee alicheza hadi akafunga goli, akajipigia makofi, akageuka na kutangaza kwamba fungu lake amelipokea na hana neno tena. Vigelegele vikapasuka uani. Aneth aliitwa, akaulizwa mbele ya wote kama anakubali kuolewa. Akainamisha kichwa, akasema anakubali. Alipopitisha soda alimfikia Vitalis wa mwisho, akamwambia asante, kwa sauti ndogo.

Vitalis aliipokea soda, asiinywe. Zabron akamhimiza afanye haraka, wazee wanasubiri. Akatoka hadi nyuma ya nyumba, akafuta uso kwa mkono wa shati, akapiga simu Mikumi.

"Samwel," akasema, "vaa vizuri, uje. Wamekupa mke."